Mlango wa Chumba cha Joto

Binti aliyechukua nafasi yangu aliniuliza, siku nilipomkabidhi funguo za stoo, ni kitu gani kilichonichosha zaidi katika kazi hii. Nadhani alitegemea niseme vifo, au wakubwa. Nikamwambia: mlango. Alicheka kwa heshima, kama mnavyocheka tukisema jambo ambalo hamkulielewa. Sasa niko nyumbani, asubuhi hakuna anayenisubiri isipokuwa kuku, basi acha niueleze huo mlango.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipotutoka nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo wadogo watano, wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Shule ikaishia hapo. Sikulia sana kwa sababu akilia mmoja wanalia wote, na uji unaungua. Walipoanza kujimudu nilishuka kutoka milimani kutafuta kazi, na hospitali yetu hii ndogo, hapa chini upande wa Same, ikanichukua nifue mashuka. Kuhusu vyeo na mishahara sitasema kitu. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua.

Sikukaa sana kwenye mashuka. Asubuhi moja alikuja kwenye karo mkunga mmoja mfupi, mnene, amevaa kofia nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Huyo ndiye Mama Mshana, aliyekuwa na chumba cha watoto njiti. Mhudumu wake alikuwa ameolewa bila kuaga.

"Umewahi kulea?" akaniuliza.

"Wadogo zangu watano."

"Wako wapi?"

"Wapo wote."

"Nawa mikono uje."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu. Mengine niliyapata humo humo ndani, kwa kukemewa.

Tulikiita chumba cha joto, ingawa joto lilikuwa ndicho kitu tulichokosa. Zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Kilikuwa na dirisha moja, nalo lilizibwa kwa ubao, na mlango mmoja uliotazama moja kwa moja upande unakotoka upepo. Anayeujua upepo wa Same katika miezi ya kipupwe hahitaji maelezo. Aliyepanga jengo lile hakuuliza.

Fundi seremala wa hospitali alitutengenezea sanduku la mbao lenye balbu chini na kitanda cha waya juu yake. Mtoto alilala hapo, balbu zikampa joto. Miaka ile ya kufunga mikanda umeme ulikuwepo, balbu hakuna. Ikiungua moja ilibidi niende kuomba kwenye ofisi na kwenye nyumba za watumishi, na niliwahi kuambiwa na mtu mzima mwenye elimu yake kwamba watoto hawasomi, taa ya nini. Sabuni ilikuwa haba. Glovu tulizifua, tukazipuliza kama puto kutafuta matundu, tukazianika kwenye kamba kama mboga. Pamba ilipokosekana tulitumia sufi, tukaishonea mifuko ili vumbi lake lisimwingie mtoto puani.

Baadaye ikaja ruhusa ya kila mtu kuagiza na kuuza. Maduka yakafunguliwa, bidhaa zikajaa mpaka barabarani, na balbu zikapatikana za kila rangi. Ndipo umeme ukaanza kuwa wa mgawo. Niliwahi kusimama mbele ya lile sanduku, nina balbu mpya mkononi, giza totoro saa nne asubuhi, nikacheka peke yangu mpaka Mama Mshana akaniuliza kama nina homa. Kitu kimoja tu nilichokishukuru katika ruhusa ile ni mitumba. Soksi ya sufu ya mtu mzima wa Ulaya, ukiikata kisigino na kufunga ncha, ni kofia nzuri kabisa ya mtoto njiti.

Umeme ukikatika tulikuwa na chupa. Zilikuwa za kioo, zile za dripu za zamani. Unazijaza maji ya moto, unaziziba, unazizungushia kanga kuukuu, unazipanga kandokando ya mtoto bila kumgusa. Wakati hizi zinapoa, nyingine ziko kwenye jiko la barazani zinachemka. Unapima kwa upande wa ndani wa mkono, hapa chini ya kiganja, hupimi kwa vidole. Vidole vya mwanamke anayepika vimezoea moto na vinadanganya. Kazi hiyo niliifanya mpaka wazazi wa watoto wakaniita Dada wa Chupa.

Lakini chupa ilipoa, na kila ukienda kubadili unafungua mlango. Mama Mshana akachoka kabla yangu. Alikuwa amesikia kwenye semina kwamba mtoto njiti anaweza kufungwa kifuani kwa mtu mzima, ngozi kwa ngozi, akapata joto lisilokatika. Ninyi leo mnaiita kangaruu na mna picha zake ukutani. Sisi hatukuwa na picha. Alisema tu, "Kama hakuna umeme, kuna mtu," akachukua kanga akamfunga mama wa kwanza.

Hapo ndipo nafika kwa Elinami na mkwewe.

Elinami alikuwa karani wa mizani kwenye shamba moja la mkonge. Kazi za mkonge zilipopungua akaingia biashara ya samaki, anachukua bwawa la Nyumba ya Mungu anauza huku. Mkewe, Eliwaza, alikuwa binti wa kutoka Vudee, milimani, mimba yake ya kwanza. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, mdogo kama mkate. Siku ya pili homa kali ikampanda Eliwaza, wakamlaza wodi ya wanawake ng'ambo ya uwanja, hawezi hata kukaa. Kumfunga mtoto kifuani kwake kukawa hakuwezekani.

Mama yake Eliwaza alishuka kutoka Vudee kuwauguza. Tulimwita Bibi. Alikuwa mwembamba, mkali, mchapakazi wa kupindukia. Alimwogesha bintiye, akamlisha, akamkamua maziwa kwenye kikombe, akavuka nayo uwanja ameyafunika kwa kanga. Asingeweza kukaa na mtoto kifuani kutwa, maana alikuwa na mgonjwa wa pili. Mama yake Elinami alishafariki. Mama Mshana akamtazama Elinami kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Wewe. Nenda ukaoge. Kwa sabuni. Kisha urudi tena ukaoge."

Akaoga, akarudi, akavuliwa shati, mtoto akafungwa kifuani kwake. Nikiri kwamba alikuwa na kifua kizuri kwa kazi ile, kipana na cha moto kama sufuria. Mtoto alitulia. Rangi ikamrudia. Nikafurahi, nikasema leo nitakunywa chai nimekaa.

Chai haijamiminwa, Bibi akakohoa kutoka uwanjani.

Elinami aliruka kitini kama aliyeng'atwa na nge. Akashika mtoto kwa mkono mmoja, shati kwa mkono mwingine, akaelekea mlangoni.

"Wewe baba, unakwenda wapi na mtoto?"

"Dada, mkwe anakuja."

"Na huyo mtoto naye ana mkwe?"

Akatoka mbio mpaka barazani, kwenye upepo. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji amejikunyata, mtoto kifuani, soksi kichwani imeshaanguka. Maneno niliyomwambia siku ile siyaandiki.

Mimi ni Mpare, simdharau mtu kwa kushika heshima ya ukwe. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja, hawatajani majina, hawaelekezani maneno uso kwa uso, na habari ya kuonana bila nguo haizungumzwi hata kwa mfano. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, lakini kanisani kuna benchi za wanaume na benchi za wanawake, kwa hiyo jambo hilo halikuwahi kuwasumbua. Kwangu kulikuwa na kiti kimoja, kitanda kimoja na mlango mmoja.

Nikamwendea Bibi. "Shikamoo, Bibi. Maziwa nipe mimi, nitampa kwa ule mpira wa puani, wewe rudi kwa mgonjwa."

"Marahaba. Maziwa ya mwanangu nitayaona yakiingia."

"Yataingia, Bibi."

"Nimesema nitayaona. Mwambie huyo aliyemo atoke."

"Aliyemo ni mkweo."

"Sikukuuliza ni nani."

Ikawa ndiyo hali yetu. Kila wakati wa kulisha, Elinami anatoka, mtoto anafunguliwa kifuani, anawekwa kwenye sanduku na chupa, Bibi anaingia, anakaa, anatazama maziwa yakishuka kwenye mpira tone kwa tone kama mtu anayelinda shamba dhidi ya nyani. Akimaliza anatoka, Elinami anaingia, mtoto anafungwa tena. Mlango unafunguka, mlango unafungwa, upepo unaingia kama aliyealikwa. Mtoto yule alikuwa hana nguvu hata ya kulia, na tulikuwa tunamhamisha kama mzigo wa stesheni. Akaanza kuchoka. Miguu ikawa baridi. Mara mojamoja alisahau kupumua, kama wanavyofanya njiti, na ilibidi nimfinye unyayo ndipo akumbuke.

Mama Mshana aliona ile miguu, akawaita wote wawili, mmoja ndani na mwingine nje.

"Mimi mila zenu siziingilii," alisema kwa sauti ya kusikika pande zote. "Lakini mtoto huyu akiendelea kutolewa na kurudishwa, atakufa. Baba hatoki tena. Bibi akitaka kuona, aone na baba yumo. Asipotaka, maziwa aache mlangoni."

Ikaja sauti ya Bibi: "Wekeni pazia."

Nikafunga kamba katikati ya chumba, nikatundika shuka. Upande wa ndani Elinami na mtoto, upande wa mlangoni Bibi na kikombe chake. Mimi nikawa katikati, kwa sababu hata sauti ilikuwa haivuki bila mtu wa kuibeba.

"Mwambie amfunike miguu," anasema Bibi, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Elinami.

"Imefunikwa, mwambie," anajibu Elinami.

"Bibi, imefunikwa."

"Nimesikia. Mwambie kichwa kisilegee."

"Elinami, kichwa."

"Nimesikia, dada."

Ilikuwa hivyo kutwa. Kila mmoja anamsikia mwenzake waziwazi, kisha wote wananisubiri mimi. Nikiwa nashika mpira wa maziwa juu, mkono unauma, bado napeleka salamu. Nilimuuliza Mama Mshana kama kazi ya ukarani wa mabalozi ina posho. Akasema, "Posho yake iko peponi."

Lakini ilisaidia, lazima niseme. Mtoto hakuhamishwa tena. Bibi alikaa na shuka puani, akisikiliza. Mtoto yule alikuwa na kisauti fulani akipumua, kama kinyonga akikanyaga jani kavu, na Bibi alikizoea kiasi kwamba kilipobadilika kidogo tu aliniuliza.

Mchana mmoja umeme ulikuwa umekatika, na kitandani kulikuwa na njiti mwingine, mtoto wa mama wa Kigoma aliyekuwa kibarua mashambani. Nikaenda barazani kubadili chupa zake. Nimeinama kwenye jiko, mlango nimeufunga nyuma yangu kama ilivyopasa, nikasikia sauti ya Bibi:

"Dada! Muulize, mbona kimya?"

Nikajibu nakuja. Nilikuwa na chupa mbili zenye maji yanayochemka mikononi.

"Dada! Muulize huyo, mtoto anapumua?"

Hapakuwa na wa kumuuliza. Elinami baadaye aliniambia alilisikia swali mara zote mbili. Aliinamisha macho akamwona mtoto midomo imekuwa rangi ya zambarau, mikono imelegea. Alifungua kinywa. Maneno hayakutoka. Tangu aoe hajawahi kumjibu mama yule neno moja, na ulimi wake ukakaa hapo hapo ukisubiri mimi nije niubebe. Mtu mzima, mwenye afya, mtoto wake anamfia kifuani, na anasubiri mkalimani.

Niliposukuma mlango kwa bega niliona shuka likishuka na kamba yake. Bibi alikuwa amelivuta.

"Unyayo!" alipiga kelele. "Mpige unyayo! Wewe Elinami, huna masikio?"

Hakungoja ajibu. Aliingiza mkono chini ya kanga, akaupata mguu, akaufinya na kuupiga kwa kidole, mara ya kwanza, ya pili, akaupiga tena. Mimi nimesimama na chupa zangu zinaniunguza. Kisha mtoto akajikunja, akavuta pumzi, akatoa mlio kama wa paka mchanga aliyekanyagwa. Midomo ikaanza kurudi rangi.

Ndipo Bibi akaona mahali aliposimama. Mbele yake mkwewe, bila shati, na jina lake bado liko hewani. Alijifunika kanga uso mzima, akatoka akigonga ukuta.

Mama Mshana alikuja akamsikiliza mtoto, akasema yuko sawa kwa sasa lakini litarudi, wengi wao hurudia, na pazia lile asilione tena humu. Anataka mtu anayeutazama mguu ule wakati wote. Mimi nikaenda kumtafuta Bibi. Alikuwa chini, kwenye uwanja, amefunga mzigo wake.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimeharibu. Siwezi kula wala kukaa hapa mpaka jambo liondolewe."

"Na maziwa?"

Akaukaza mzigo wake. Eliwaza alikuwa bado anaweweseka, alikuwa hamruhusu mtu mwingine yeyote kumkamua. Bibi akiondoka, maziwa yanaondoka. Maziwa ya kopo yalikuwa dukani, ndiyo, ruhusa ilishayaleta, na nilishaona tumbo la njiti likijaa hewa kwa maziwa hayo. Mama Mshana alimwomba Bibi asubiri wazee wa pande zote mbili waje, angalau hilo. Akakubali kusubiri, lakini hakuingia ndani. Alimkamua bintiye, akaweka kikombe mlangoni, akaondoka. Mimi nikawa nalisha, nabadili chupa na kutazama mguu, vyote kwa macho haya mawili.

Wazee wakaja. Upande wa Elinami alitoka baba yake mkubwa wa Kisiwani, mfugaji mwenye fimbo ndefu na maneno marefu zaidi. Upande wa Bibi akashuka kaka yake kutoka Vudee, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Wakakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, Elinami kwa mbali amegeuka, Bibi chini amefunikwa, na wakaniita mimi shahidi.

Jambo likaelezwa tangu uchumba. Kisha wakaanza kuzungumzia mbuzi. Kwetu jambo la namna hiyo huondolewa kwa mbuzi, lakini atoe nani? Aliyeonekana, au aliyeona? Baba mkubwa alisema mbuzi wapo Kisiwani, wataletwa gari likipatikana. Mpaka hapo wakwe wasikaribiane. Muda wa kulisha ulikuwa umefika.

"Wazee wangu, mtoto ana njaa," nikasema.

"Binti, tulia. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Ndiyo maana yanachelewa."

Kaka yake Bibi alikohoa kuficha kitu. Baba mkubwa alinitazama, akaamua kutosikia. Akamgeukia Bibi.

"Mama, tupate neno lako mwenyewe. Ulimwona mkweo akiwa hana nguo?"

Bibi alishika ardhi kama anayetaka kuinuka. Nilidhani ataondoka. Kisha akasema kutoka ndani ya kanga:

"Alikuwa amevaa."

"Amevaa? Huyu dada amesema hakuwa na shati."

"Shati sijui. Alikuwa amevaa mjukuu wangu."

Mzee wa Vudee akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Basi alikuwa amevaa," akasema.

Baba mkubwa alipigapiga fimbo chini. Alikuwa amejiandaa kwa shauri la siku nzima na lilikuwa linamponyoka. "Na jina? Alimtaja jina!"

"Alimwita aamke," akasema mzee wa Vudee. "Moto ukiwaka nyumbani kwako, mkweo akuitaje?"

Wakakubaliana mbuzi ataletwa hata hivyo, siku mtoto akitoka, na ataliwa na pande zote mbili. Nilikuwa nimeshasimama.

Bibi aliinuka, akanawa mikono kwa ile sabuni yetu, akaingia. Pazia halikuwepo. Alivuta kigoda, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta, mgongo wake ukiwa karibu kabisa na kiti cha Elinami. Elinami naye akageuza uso upande wa pili. Bibi akapeleka mkono nyuma, akapapasa, akaingiza chini ya kanga na kuushika mguu wa mtoto kwa vidole viwili. Akakaa hivyo. Mtoto akisahau kupumua, Bibi anafinya, hata kabla sijageuka. Sikuitwa tena kubeba maneno, kwa sababu hapakuwa na maneno.

Walikaa hivyo siku kwa siku, wamepeana migongo kama wagomvi. Wageni walioingia walidhani wamekosana, nami sikuwa na nguvu ya kueleza.

Homa ya Eliwaza ilishuka taratibu. Asubuhi moja alikuja mwenyewe, akishika ukuta, akasimama mlangoni akawaona. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Tukamkalisha, tukamhamisha mtoto kifuani kwake, Elinami akavaa shati akatoka. Bibi hakugeuka.

"Mama, ameshatoka," akasema Eliwaza. "Mtoto yuko kwangu sasa. Unaweza kuuachia mguu."

"Nitauachia akijua kuutumia."

"Ana hali nzuri, mama."

"Nimesema."

Akaendelea kuushika. Mtoto alikuwa ameanza kunyonya kidogo, anachoka, anapumzika, ananyonya tena. Sote tulikuwa tunamtazama isipokuwa Bibi aliyekuwa bado anatazama ukuta kwa mazoea. Kisha nikamwona ameshtuka, bega limeruka. Mtoto alikuwa amekunja goti na kumpiga teke kwenye kiganja, teke la kweli, la mtu aliyechoka kushikwa.

Bibi akaachia. Akasimama palepale na kupiga vigelegele, katikati ya chumba ambamo Mama Mshana alikuwa amekataza hata kunong'ona. Mtoto wa yule mama wa Kigoma akaamka, akalia. Wa kwetu naye akalia, kwa sauti ambayo hatukuwahi kumsikia nayo. Mama Mshana alikuja mbio, akasimama, akamsikiliza mtoto anavyolia, akahesabu pumzi zake kwa macho tu bila kumgusa.

"Bibi," akasema, "piga tena."